Dai la Tano

Kwa Kigiriki chetu neno ni moja tu:
unachomtaka mwenye ghala siku ya mgomo,
na alichokitaka mtu wa jiometri kabla hajachora chochote.
Etima. Dai.
Sikulijua hilo hadi Jumanne ile ya Februari
Bi Polikseni alipopanda ngazi za ghala la tumbaku, Kavala,
chaki tatu mfukoni, ubao uliopasuka kwapani.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, vidole vyeusi kwa utomvu.
Hesabu yetu ilikuwa ya marobota, na ya deni la mkate.
Akaweka nukta. Akaweka na nyingine.
"Niruhusuni niziunganishe."
Tukacheka. Mwalimu, nani wa kukukataza?
"Ndiyo maana naomba. Kuthibitisha siwezi.
Kila uthibitisho umelalia mwingine, na huo mwingine,
kama marobota haya mpaka darini.
Lipo la chini kabisa. Hilo halikulalia robota."
"Limelalia sakafu," akasema Fotini.
"Na sakafu ni ninyi, mkikubali."

Mimi nilielewa kwa sindano.
Jani na jani, uzi kutoka msumari hadi msumari;
ukiulegeza unabembea, ukiuvuta
njia ni hiyo moja, hakuna ya pili.
Hilo la kwanza. La pili: uzi hauishi.
Upitishe dirishani, juu ya bandari, juu ya Thasos,
hakuna askari wa kuusimamisha.
La tatu lilikuwa mbuzi wa jirani yetu Zumbulia:
kigingi, kamba, na majani yaliyoliwa duara.
La nne, pembe mraba zote ni sawa.
Nikaitazama pembe ya dirisha, pembe ya meza ya msimamizi.
Nikakumbuka pembe ya jeneza la mama,
seremala alivyoipima mara mbili.
Sawa. Zote. Sikutaka, lakini sawa.

Kisha akapunguza sauti.
Mstari ukiikata mistari miwili,
na pembe za ndani, za upande mmoja,
zikipungukiwa na pembe mraba mbili,
basi mistari hiyo, ikirefushwa bila kikomo,
itakutana upande huo huo.

"Mbona hili refu?" Fotini tena.
"Mtu akiomba kwa maneno mengi, ana wasiwasi."
Bi Polikseni akacheka mpaka akaketi juu ya robota.
Miaka elfu mbili, alisema, watu walijaribu kulithibitisha.
Wakazeeka nalo. Mwishowe wachache wakathubutu:
wakalikataa, wakangoja paa liporomoke.
Halikuporomoka.
Walijikuta nchi nyingine,
pembe za pembetatu hazifiki kipimo tulichokizoea,
na kila kitu huko kina akili yake.

Nililala na hilo. Sikulala.

Wiki iliyofuata akaja na yale yasiyoombwa,
yale ambayo kila mwenye akili anayo tayari:
vilivyo sawa na kitu kimoja
ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe.
Nikanyoosha mkono, mara yangu ya kwanza.
Robota langu, kilo thelathini.
Robota la Argiris, kilo thelathini.
Mzani ni ule ule, wenye kutu kwenye ndoana.
Yeye drakma sabini. Mimi thelathini na tano.

Chaki ilibaki hewani.
Chini barabarani mtu alikuwa akiuza samaki, akiita bei.
"Andika hilo, Stamatia," akasema.
Sikujua kuandika "thelathini". Fotini akanisaidia.

Mwezi wa Mei tuliteremka langoni na karatasi.
Meneja akavaa miwani.
"Hapa hamjathibitisha chochote."
"Haya si ya kuthibitishwa," Fotini akamjibu. "Ni ya kuanzia."
Akasoma la kwanza, midomo ikicheza. La pili. La tatu.
La nne akalirudia.
La tano lilikuwa refu.
Hilo hakulimaliza.